Bwana Lifti Hajatoka

4 Februari

Kwako mume wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua je, kile kikohozi kimekuacha au bado mnaishi pamoja? Mimi mkeo sijambo. Goti la kushoto lina mambo yake, ila la kulia bado lina adabu. Jumatatu nilipimwa presha. Nesi akakitazama kipimo, akanitazama mimi, akaniambia nipunguze chumvi na makelele. Chumvi nimepunguza.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu kwa sauti hapa chumbani kwenye cherehani, maana Mama Mapazia alikuwa ameninyooshea shingo mpaka nikamhurumia. Nilipofika pale unaposema umeajiriwa kutunza mavazi ya ule mchezo wetu wa televisheni, Jengo Lisilolala, alipiga kigelegele mguu ukiwa bado kwenye pedeli, pazia la watu likajishona kwenye mkono wa blauzi yake. Tumefumua robo saa nzima, na yeye bado anashangilia.

Mjukuu wangu, unatujua. Miaka kumi na mitatu sasa, kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, cherehani zote hapa zinanyamaza. Mwalimu Mstaafu anatoka nyumba ya pili na kiti chake mwenyewe mkononi, anakaa mbele, na kuwasahihishia mizimu sarufi. Na sasa mnatangaza kwamba msimu huu ndio wa mwisho, kama vile hamna deni nasi la maelezo.

Mama Mapazia anamtaka yule nesi aliyemeza ufunguo. Mwalimu anamngoja pacha wa wakili, aliyezama kwenye kioo cha bafuni na mswaki mdomoni. Mimi namtaka mtu mmoja tu, Bwana Lifti. Unamkumbuka? Ulikuwa shule bado. Kijana mwembamba, sare nyekundu, vifungo vya shaba, kila anayeingia anamuuliza kwa adabu, “Juu au chini?” Msimu wa pili akaingia yule Mama Asiye na Kivuli. Mlango ukafungwa. Namba zikapanda, zikaipita ghorofa ya mwisho, zikaendelea kupanda. Basi! Miaka kumi na moja watu wanapanda lifti ileile kwenda kazini, hakuna hata mmoja anayeuliza, jamani, yule aliyekuwa humu yuko wapi? Mtu hafungiwi kwenye sanduku la chuma halafu wenzake wakaendelea na chai.

Ninachotaka ni neno moja. Anatoka au hatoki? Usinipigie simu. Mara ya mwisho ulisema “nimefika”, mimi nikasikia “nimefilisika”, nikalia mpaka Mwalimu akaja kuuliza nani amekufa. Andika.

Ni mimi mkeo mkubwa,
Bibi

15 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti na presha vinasikilizana. Kikohozi kimeondoka. Naomba umpe pole Mama Mapazia kwa mkono wa blauzi.

Kuandika kunanifaa hata mimi, kwa sababu simu zetu zinafungiwa kwenye kabati la mlinzi kuanzia asubuhi. Chumba changu kiko chini ya ngazi. Nina nguo mia tatu na kitu, pasi mbili, na dirisha moja linalotazama ukuta. Sikujua kwamba mizimu inachafua nguo namna hii. Gauni la Mama Asiye na Kivuli tunaliloweka kwenye chai kila wiki ili lionekane limekaa kaburini, halafu mwigizaji mwenyewe analalamika kwamba ananuka kifungua kinywa.

Sasa kuhusu swali lako. Bibi, siku ya kwanza nilisaini karatasi ya kurasa nne. Inasema yanayotokea ndani ya Jengo sitamwambia mke, mzazi, rafiki wala jirani. Wewe ni mke wangu, umenilea, na ni rafiki yangu. Mama Mapazia na Mwalimu ni majirani. Wameziba mlango na madirisha. Mtunzi mwenyewe alisimama pale nikisaini. Ni mama wa makamo, ana miwani machoni na miwani kichwani, na muda wote anatafuta miwani. Hadithi yote imetoka kichwani mwake na hacheki na mtu. Kwa hiyo usiniulize tena, tafadhali.

Ila mimi nina swali la kifundi. Kitambaa cha sufu, kizito, chekundu, nondo wamekitoboa begani matundu matatu. Nitatiaje kiraka kisionekane hata ukikisogelea? Ulinifundisha zamani nikawa nacheza.

Wasalimie wote.

Mjukuu wako

24 Februari

Kwako mume wangu mwenye siri,

Hujambo? Mimi sijambo sana. Leo hata goti la kushoto linacheza.

Kwanza kazi. Usikate kiraka. Fungua upindo kwa ndani, chomoa nyuzi za kitambaa chenyewe, moja moja, usivute kwa pupa. Tia sindano nyembamba, fuma juu na chini kama anayesuka mkeka, tundu dogo kwanza. Ukimaliza weka kitambaa chenye unyevu, piga pasi kwa kugusa tu. Hata aliyeishona hataona.

Na sasa tuzungumze kama watu wazima. Sufu. Nzito. Nyekundu. Mume wangu, kwenye jengo zima lile, katika misimu yote kumi na mitatu, ni mtu gani mmoja aliyevaa sufu nyekundu?

Hukusema kitu. Karatasi yako iko salama. Umeuliza habari za kiraka, na mimi nimejibu habari za kiraka. Ila mtu hatii kiraka nguo ya mtu asiyerudi!

Usiwe na wasiwasi, sikumwambia mtu. Nilimwambia Mama Mapazia tu, na yeye alikuwa ameshaisoma barua juu ya bega langu, basi hilo halihesabiwi. Mwalimu alisikia kwa sababu tulipiga kelele. Amefurahi mno, ameketi uani na kalamu tangu mchana, sijui anaandika nini.

Mkeo mwenye akili,
Bibi

20 Machi

Shikamoo Bibi.

Mimi mzima.

Sasa ninajua Mwalimu alikuwa anaandika nini. Gazeti la Jumapili, ukurasa wa watazamaji, herufi kubwa: “BWANA LIFTI ANATOKA.” Chini yake maelezo kwamba “mshonaji wa ndani kabisa” amethibitisha sare inakarabatiwa. Na saini: Mwalimu Mstaafu na Wenzake wa Cherehani.

Barua zimeanza kuja kwa magunia, Bibi. Watu wanashukuru. Mwanamke mmoja ameandika kwamba mumewe hakupanda lifti miaka kumi na moja na sasa amekubali kwenda kwa daktari wa meno ghorofa ya tano. Redio nayo imeisoma habari hiyo mara mbili.

Mtunzi aliniita. Gazeti lilikuwa mezani. Akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha, “Kijana, kwenu kuna washonaji?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Nilijua. Kiraka kile si cha mtu mmoja.”

Ile sare ilikuwa inatengenezwa ili iwekwe kwenye kabati la kioo pale mapokezi, kwa kumbukumbu. Hakuna zaidi ya hapo. Bwana Lifti hawezi kutoka kwa sababu yule mwigizaji mwenyewe alitoka siku moja katikati ya kazi miaka kumi na moja iliyopita na hakurudi. Hakuna anayejua alipo. Sasa watu wote wanamngoja mtu ambaye hayupo, na Mtunzi anasema wakimkosa wataichukia hadithi yake yote, mwanzo hadi mwisho.

Nimenyang'anywa sindano. Kazi yangu sasa ni kufua mashuka ya mizimu uani, mpaka msimu uishe, ndipo waamue kama nitafukuzwa au la. Chumba cha mavazi anashika mtu mwingine.

Naomba usiniandikie tena habari za Jengo.

Mjukuu wako

27 Machi

Kwako mjukuu wangu,

Hujambo? Leo sikuiti mume. Mke wa namna hii angekwishaachwa.

Nimekukosea. Sitasema ni Mama Mapazia, sitasema ni Mwalimu. Barua uliniandikia mimi. Ulisema “usiniulize tena”, nami nikaacha kuuliza kwa mdomo nikauliza kwa akili, tena nikajiona mjanja. Nilikufundisha kushika sindano ukiwa huoni juu ya meza, na mimi huyohuyo nimesababisha unyang'anywe.

Mwalimu amekuja hapa bila kiti. Amesimama mlangoni akasema, “Mama, nimeandika sentensi tatu zisizo na kosa hata moja, na zote ni kosa.” Kisha akaenda kwake. Alhamisi hakuja. Hata sisi televisheni hatukuiwasha, tumeshona mashati ya shule mpaka giza likaingia.

Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Nitakuandikia hata hivyo.

Bibi yako

18 Aprili

Kwako mjukuu wangu,

Hujambo? Sijapata jibu, na sidai. Mimi mzima. Cherehani yangu ya zamani iliharibika wiki jana, inakata uzi, imebidi itengenezwe.

Nina jambo nataka kukuambia na siwezi kukuambia. Kuna mtu ameniambia kitu, nikamwahidi kwamba hakitatoka mdomoni mwangu. Kinahusu ile kazi yako. Ningekiandika hapa, ungerudishiwa sindano zako wiki hii. Lakini nimeahidi, na umeona nilichofanya mara ya mwisho nilipopewa kitu nikitunze.

Mama Mapazia hajui. Ni siku ya sita leo na hajui. Presha ilinipanda mpaka nesi akaniuliza kama nimegombana na mtu. Nimemwambia nimegombana na ulimi.

Bibi yako

26 Aprili

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima. Samahani kwa kukaa kimya. Nilikuwa na hasira, halafu hasira zikaisha, halafu nikaona aibu kwa kukaa na hasira muda wote huo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimeegemea pipa la sabuni. Bibi, kitu gani? Nani? Ni yeye? Kama ni yeye usiseme jina, andika tu “Goti la kushoto linaendelea vizuri”, nami nitaelewa. Kama siye, andika goti la kulia. Hilo si kusema. Umezungumzia goti tu.

Wanapiga picha za sehemu ya mwisho kabisa baada ya wiki tano. Mtunzi hazungumzi na mtu. Jana alisimama mapokezi mbele ya ile sare kwenye kioo, mikono nyuma, muda mrefu, nami napita na ndoo.

Neno moja, Bibi. Nong'ona tu.

Mjukuu wako (na mume wako, kama bado unanitaka)

9 Mei

Kwako mume wangu,

Hujambo mpenzi? Mimi sijambo. Magoti yote mawili yako kimya, hayasemi lolote, na ulikuwa unanifundisha hila zangu mwenyewe. Nilikataa kukujibu. Nilikaa na barua yako siku saba, nikaiweka chini ya kitambaa cha mteja ili nisiione. Lakini jana mwenye siri amenifungua, na ameniruhusu niandike yote. Kaa chini. Ondoka kwenye pipa.

Cherehani ilipoharibika, Mama Mapazia alikuwa ameenda kutundika mapazia kwa mteja. Nikamwita fundi. Fundi wangu wa siku zote ameumwa mgongo, akanitumia mwenzake ambaye sijawahi kumwona. Akaja mtu mzima, kitambi kiasi, nywele zimeanza mvi, mpole, hatazami usoni. Akainama chini ya meza na bisibisi. Nikamwambia uzi unakatika. Akauliza kutoka kule chini:

“Tatizo la uzi, juu au chini?”

Mume wangu, nilishika ukingo wa meza. Sauti ileile! Nikamwambia, “Rudia.”

“Rudia nini, mama?”

“Ulivyouliza.”

Hakurudia. Alitoka chini ya meza taratibu, akakaa sakafuni na bisibisi mkononi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekutwa jikoni kwa watu. Akasema, “Mama, nakuomba. Usimwambie mtu.”

Sikumpigia kelele. Nilimletea maji. Akaniambia mwenyewe, kidogo kidogo, huku anafuta mafuta vidoleni.

Alikuwa hawezi kuacha kucheka. Hakuna zaidi. Siku wanapiga picha za ile sehemu ya lifti, yule mwigizaji wa Mama Asiye na Kivuli alipakwa unga mweupe, na kwenye lifti kuna feni. Kila feni ikizunguka, unga unamwingia puani, mzimu unapiga chafya. Mzimu unaotisha watu wa dunia nzima, unapiga chafya ndogo kama ya paka. Akacheka. Wakarudia. Akacheka. Wakazima feni, akacheka kwa kukumbuka feni. Mara thelathini na nane. Watu wamechoka, taa zinaungua, ndipo Mtunzi akasema mbele ya wote, “Nenda nje ukacheke umalize, ndipo urudi.”

Akaenda nje na sare ya watu mwilini. Alicheka mpaka getini. Akaona basi, akapanda, bado anacheka. Basi lilipofika kituo cha pili kicheko kikakatika, akaona amefanya nini. Akasema atarudi kesho kuomba radhi. Kesho akaona aibu. Kesho kutwa aibu imekuwa kubwa zaidi, maana sasa kuna ya juzi na ya jana. Wiki ya pili aliituma sare kwa posta, imekunjwa vizuri, bila barua. Akajifunza kazi ya cherehani kwa mjomba wake. Miaka kumi na moja, mume wangu! Alhamisi jioni hapokei kazi kwenye nyumba yenye televisheni.

Nikamwambia habari zako, sikumficha. Alisikitika kweli. Lakini alisema hawezi, Mtunzi atamfukuza, na watu watamcheka yeye safari hii. Nikamwambia sawa, sitasema. Akaondoka na kifaa cha cherehani ili akichonge upya.

Jana Alhamisi amekuja kukirudisha. Kwa bahati mbaya, au nzuri, mteja mwingine alimchelewesha, akafika saa kumi na mbili kasorobo. Mwalimu alikuwa amerudi kwetu, na kiti chake. Mlango wetu ni pazia, unajua, kila kitu kinasikika. Fundi akasimama nje, akataka kusubiri tumalize, na sisi tulikuwa tunabishana juu ya nani? Juu yake. Mwalimu anasema Bwana Lifti bado anapanda, hajafika, na kosa si lake. Mama Mapazia anasema hapana, amefika siku nyingi, ameketi juu kule anasubiri mtu abonyeze kitufe. Akasema, “Mimi kila nikipanda lifti nabonyeza vyote. Huwezi kujua.”

Pazia likasogea. Mama Mapazia akamwambia, “Fundi, ngoja kidogo, tuna mazungumzo ya maana.”

Akasema, “Ndiye mimi.”

“Ndiye wewe nani?”

Fundi akaweka mfuko wa vyuma chini. Akaunganisha visigino, akapeleka mikono nyuma, akanyoosha mgongo mpaka kitambi kikapotea, akasema, “Juu au chini?”

Mwalimu alisimama. Mtu ambaye hasimami hata mzimu ukipita ukutani. Mama Mapazia hakupiga kigelegele wala hakupiga kelele, alimshika fundi mkono akaanza kuupapasa kama anayekagua kitambaa, anasema, “Umekonda, umenenepa, umekonda.” Na fundi analia. Akaniambia, “Mama, sikujua kama kuna mtu ananingoja. Nilidhani nimewaudhi tu.”

Atakuja huko Jumatatu ijayo. Anaogopa. Mpokee wewe getini, usimwache aingie peke yake. Na asione basi lolote.

Mkeo,
Bibi

2 Juni

Shikamoo mke wangu,

Mzima? Mimi mzima kuliko siku zote. Karatasi yangu inakataza kusema yanayotokea ndani ya Jengo. Haya ninayokuandikia yalitokea uani, kwa hiyo tulia.

Fundi alifika Jumatatu ile uliyosema, saa tatu asubuhi. Alivaa shati ulilomshonea, nalijua kwa kola. Mlinzi alimtazama, akaangalia daftari la wageni, akamtazama tena, akasahau kumwomba saini. Tulipofika kwenye kamba zangu za mashuka, akasimama. Akasema miguu imekataa. Nikamwambia basi nisaidie kuanika. Tukaanika mashuka sita.

Shuka la saba tulipolitandaza, Mtunzi alikuwa upande wa pili. Sijui alitokea wapi. Alikuwa anatafuta miwani. Akamwona. Mimi nimeshika kibanio hivi hewani. Kisha akavaa miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akamsogelea, akasema:

“Nilikwambia ucheke umalize, ndipo urudi. Umemaliza?”

Fundi akafikiri. Akajibu, “Bado, mama.”

Bibi, sijawahi kuona kitu kama kile. Yule mama alianza mabegani, kimyakimya, kisha akalazimika kushika kamba, na kamba ikakatika, mashuka yote saba chini kwenye vumbi, na wao wawili wamekaa juu yake wanacheka mpaka watu wakachungulia madirishani. Akasema, “Mimi nami nilicheka siku ile. Niligeuka ukutani ili msinione. Nilitaka uende dakika tano!”

Baadaye alinituma ofisini kwake nikamletee faili. Ndani kulikuwa na kurasa, kila msimu ukurasa mmoja, zote zinaanza na maneno mawili: “Lifti inafunguka.” Zote amezikata kwa mstari. Kumi na moja. Alikuwa anamngoja kama ninyi, ila yeye hakuwa na mtu wa kubishana naye.

Nimerudishiwa sindano. Sare imetolewa kwenye kioo. Tatizo pekee ni tumbo, nimelazimika kuongeza vipande viwili ubavuni, upana wa kiganja kila upande. Kilichotokea baada ya kuivaa siwezi kukuambia, wala usiniulize habari za kitambaa chochote. Utaona tarehe 14 Agosti.

Mwambie Mwalimu aweke kalamu mbali.

Mume wako,
mtunza mavazi

15 Agosti

Kwako mume wangu,

Hujambo? Umeamkaje leo? Mimi sijambo ila sauti sina, kwa hiyo ni vizuri kwamba tunaandikiana.

Wewe unajua kilichotokea kwa sababu ulikuwepo. Lakini hukuwa hapa, kwa hiyo nikusimulie kwa upande wetu.

Walianza kuja saa kumi. Wateja, jirani, nesi wa presha na mumewe, watu ambao sijui hata wanashonewa wapi. Viti vikaisha, watu wakakaa juu ya marobota ya vitambaa. Fundi alikuja wa mwisho. Nilimwambia akae mbele, akakataa, akakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha cherehani yangu, mkono kwenye gurudumu lake kama anayetaka kushona akikimbiwa na ujasiri. Hajawahi kujiona, unajua? Hata mara moja.

Ilipofika lifti, nesi wa presha alinishika mkono, nadhani alikuwa ananipima. Namba zinashuka. Kumi. Saba. Tatu. Mlango unafunguka, na yumo. Sare nyekundu. Amezeeka, mvi, kitambi, kwa sababu huko ndani nako imepita miaka kumi na moja. Na Mama Asiye na Kivuli amesimama palepale ubavuni kwake. Na Bwana Lifti anacheka. Anacheka mpaka machozi. Mzimu unamgeukia, unamuuliza kwa ile sauti ya kisimani, “Unacheka nini?”

Anasema, “Miaka kumi na moja tunapanda, mama, na hujaniambia unakwenda ghorofa gani.”

Na mzimu unasema, “Hukuniuliza.”

Mume wangu! Halafu yule Mama Asiye na Kivuli akatoka. Akapita mapokezi, akafungua mlango wa mtaani, akaingia juani, na kivuli kikamwangukia miguuni. Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, “Sarufi safi,” akavua miwani akaifuta muda mrefu.

Kwenye televisheni Bwana Lifti alibaki mlangoni. Anatazama nje, hajui aweke mguu au asiweke. Mguu mmoja ndani, mmoja hewani. Ndipo Mama Mapazia, ambaye kwa miaka kumi na mitatu nimemkataza kusema na televisheni, akasimama kwenye robota lake na machozi yanamtiririka, akaita kwa nguvu zake zote:

“Karibu, baba! Toka! Karibu!”

Na kule nyuma, kwenye cherehani, fundi akajibu, “Asante.”

Hakuna aliyegeuka. Nadhani sote tuliogopa kumfadhaisha. Kwenye kioo cha televisheni mguu ukakanyaga sakafu.

Ni mimi mkeo,
Bibi